Kibubu, Gari la Shemeji na Pantoni la Pangani

Ndugu msomaji, sisi tunaokaa Tandika, Mbagala, Manzese na Mwananyamala tuna desturi moja katika habari ya safari: husafiri tunapoitwa. Twaitwa na msiba, twaitwa na harusi, twaitwa na ugonjwa wa mzee kijijini. Safari ya kujipangia wenyewe, ya kwenda kuangalia kitu na kurudi, huonekana kuwa ni anasa ya wenye nafasi, au kazi ya wageni wanaoshuka katika ndege wakiwa wamevaa kofia pana. Leo nataka nikueleze jinsi familia ya watu sita, yenye mshahara mmoja wa gazetini na cherehani moja ya mama watoto, ilivyopanga safari ya siku tisa kutoka Tandika hadi chini ya theluji ya Kilimanjaro, kwa gari la kuazima na kwa pantoni, bila ya kukopa hata senti moja.

Chanzo chake kilikuwa televisheni. Kijana wangu, aliyekuwa darasa la nne, aliona watu waliofunga mbao ndefu miguuni wakiteremka mlima mweupe kwa mwendo wa pikipiki. Akauliza ni wapi. Nikamweleza kuwa ni Ulaya, katika milima ya Alps, na kwamba huko hata familia za wafanyakazi wa kawaida hujiwekea akiba, hupakia watoto na mizigo garini, huliingiza gari katika meli pale Dover, Uingereza, hushuka Calais, Ufaransa, baada ya saa moja na nusu hivi, kisha huendesha siku nzima mpaka kwenye theluji. Hupika chakula chao wenyewe na hulala watu wengi katika vyumba vichache ili gharama ipungue. Yule kijana akanitazama kama mtu anayemtazama mwalimu aliyeruka namba. Akasema, "Baba, mbona theluji sisi tunayo?"

Hapo ndugu msomaji sikuwa na la kumjibu, maana alisema kweli. Theluji tunayo, na tunaiimba, na tunaichapa katika vitabu vya shule, lakini katika mtaa wetu wote sikumjua mtu hata watano waliopata kuiona kwa macho yao, ukiondoa wale wenye asili ya huko. Nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba hata zile mbao za kutelezea zimekwisha kufika Kibo: mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walizipandisha mlimani na kuteleza nazo. Nikakuta pia kwamba jirani zetu Wakenya walimpeleka mwanariadha wao Philip Boit katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Katika mbio zake za kilomita 10 juu ya theluji alimaliza wa mwisho, na mshindi wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mwisho wa njia ili amkumbatie. Hadithi hii kijana wangu ameisimulia mtaani mara nyingi kuliko habari za Simba na Yanga.

Lakini mwaka huo wa 1912 unatumika pia kwa hesabu nyingine, ambayo si ya kuchekesha. Wataalamu wanaopima barafu ya Kilimanjaro huanzia hapo. Kati ya mwaka 1912 na mwaka 2011, eneo lililofunikwa na barafu juu ya mlima ule lilipungua kwa kiasi cha asilimia 85. Mwezi wa Novemba 2022 UNESCO ilitoa taarifa kwamba barafu ya Kilimanjaro, pamoja na ya Mlima Kenya, inatazamiwa kuwa imekwisha ifikapo mwaka 2050. Theluji ya kunyesha itaendelea kuja na kuondoka kwa majira, ila ile barafu ya kudumu, iliyokuwapo kabla ya babu zetu, ndiyo inayoaga. Mwaka 2050 kijana wangu atakuwa hajafikia hata umri wangu wa sasa. Nikaona kwamba hili si jambo la kuahirisha mpaka nyumba iishe.

Neno "nyumba" limeniponyoka, basi acha nilieleze. Tuna kibanda chetu huko Chanika ambacho wakati ule kilikuwa kimefikia usawa wa linta na kimesimama hapo mwaka wa tatu, kikioteshwa majani ndani ya chumba ambacho kitakuwa sebule. Kila fedha ya ziada iliyoingia nyumbani kwetu ilikuwa na jina tayari, nalo ni bati. Nilipotoa wazo la safari, mama watoto hakupandisha sauti. Aliendelea kupitisha kitambaa katika cherehani, kisha akasema, "Baba watoto, theluji haivuji. Nyumba ndiyo itakayovuja." Mazungumzo yakaishia hapo kwa wiki mbili.

Aliyeyafufua ni mama yangu mzazi, ambaye tunakaa naye. Mama ni mtu wa Bweni, ng'ambo ya kusini ya mto Pangani, na dada yake mkubwa angali yu hai huko. Mama mkubwa huyo macho yake yamepungua sana. Mama alikuwa hajamwona kwa miaka sita. Walikuwa wakisikilizana kwa simu ya jirani. Jioni moja, baada ya swala, Mama alisema kwa upole, kama mtu anayezungumza na kikombe chake cha chai, kwamba dada yake amemwuliza kama atakuja wakati bado anaweza kuutambua uso wake, au atakuja wakati wa kuushika kwa mikono tu. Mama watoto akasimamisha cherehani. Baada ya kitambo akasema, "Mama, bati lipo dukani, haliendi popote. Tutakwenda."

Ndivyo safari mbili zilivyokuwa safari moja. Watoto wataiona theluji, Mama atamwona dada yake. Naye mama watoto akaweka masharti, ambayo nakushauri uyanakili kama yalivyo. Hakuna mkopo wa namna yoyote, wala wa ofisini wala wa simu. Fedha za shule za mwezi Julai ziwekwe kando kwanza, mahali ambapo mimi sitaweza kuzifikia. Na kama fedha haitatimia kufikia siku ya kuondoka, tutamfikisha Mama Bweni na kurudi, na mlima utangoja.

Tulianza kuweka mwezi Julai 2023. Kibubu chetu kilitengenezwa na fundi seremala wa hapa Tandika, cha mbao ya mninga, kimepigiliwa misumari pande zote ili kufunguliwa kwake kuwe ni kuvunjwa. Kila siku mimi niliingiza shilingi 2,000, ambazo nilizipata kwa kuacha soda ya mchana na kwa kuteremka daladala kituo kimoja kabla, pale nauli inapobadilika. Mama watoto aliongeza kadiri cherehani ilivyompa. Wiki za kabla ya sikukuu aliingiza zaidi yangu, na hakuacha kunikumbusha. Watoto nao waliingiza sarafu zilizobaki dukani. Tulipokivunja mwezi wa Mei mwaka uliofuata tulikuta shilingi 934,000 na kifungo kimoja cha shati.

Sasa njia. Basi la kwenda Moshi lingekuwa rahisi kwa mtu mmoja au wawili, lakini kwa watu sita, tena na kizee anayepaswa kufikishwa mlangoni Bweni, hesabu ya nauli na ya kubadilisha magari ilitushinda. Shemeji yangu ana Toyota Noah ya kufanyia shughuli zake. Tulikubaliana kwamba sitamlipa kodi, ila nitalifanyia gari matengenezo kabla ya kuondoka, nitabadilisha matairi mawili ya mbele, na nitalirudisha tangi likiwa limejaa. Hayo matairi yalimega fungu kubwa kuliko kitu chochote isipokuwa mafuta. Sikuyajutia: mzigo wenyewe ulikuwa ni mama yangu na watoto wangu. Nilihakikisha pia bima haijaisha, na kwamba kizimamoto na pembetatu mbili za kuakisi mwanga zimo ndani, maana askari wa barabarani wa njia ile ya kaskazini huziulizia, nao wana haki. Na kwenye vijiji kuna vibao vya mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Vifuate. Faini moja ni chakula cha siku nzima.

Tarehe nazo zina gharama zake. Watu wengi hufikiria Desemba. Mwezi Desemba, msomaji, njia ya kwenda Kilimanjaro hufurika ndugu zetu wanaokwenda "kuhesabiwa" nyumbani kwao, na kila kitu hupanda bei, kuanzia vyumba mpaka mbuzi. Sisi tulichagua Juni, shule zikiwa zimefungwa, masika yamekwisha, na juu mlimani kukiwa na theluji mpya iliyoletwa na mvua hizo hizo. Mwaka ule wa 2024 masika yalikuwa makali, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kilipita katika pwani yetu. Kwa hiyo nilipiga simu Bweni kila wiki kuuliza hali ya barabara. Tena Idd el-Hajj iliangukia Jumatatu tarehe 17 Juni. Kuondoka Jumamosi ya tarehe 15 kulimaanisha kwamba Mama atasali Idd na dada yake. Likizo nilikuwa nayo. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka, na wengi wetu huzimaliza tukiwa tumeketi barazani.

Kutoka Tandika tulipita Mwenge, Tegeta na Bunju mpaka Bagamoyo, kisha tukashika lami ya kwenda Msata. Hapo tuliingia barabara kuu ya kaskazini, tukavuka Wami kwa daraja jipya, na Mandera tukaiacha lami, tukakata kulia kuelekea Miono, Mkange na Saadani. Hapa ndipo panapotaka moyo. Barabara hii ya pwani ilikuwa inajengwa kwa lami kwa vipande, na kati ya kipande na kipande kulikuwa na vumbi, mchepuko na dimbwi la hapa na pale. Ungeweza kuikwepa kwa kupita Segera na Muheza hadi mji wa Pangani, lakini ungetokea upande wa kaskazini wa mto, na Bweni ungeitazama tu kutoka ng'ambo. Kwa kuwa sisi tulikuwa na mtu wa Bweni, tulipanga hivi: kwenda tupite pwani na kuvusha gari kwa pantoni mara moja, kurudi tupite Muheza na Segera, gari lisivuke, bali Mama avuke kwa miguu kuja Pangani. Mpango huo ulituokolea nauli ya gari ya kurudia na vumbi la kurudia.

Nililifikisha gari Bweni saa 10 jioni. Sitaki kukueleza sana habari ya akina mama wale wawili. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, amevaa kanga mpya. Mama aliketi mbele yake karibu kabisa, magoti yakigusana, akanyamaza. Yule akamtazama kwa muda mrefu, kwa kuinamisha kichwa upande upande kama anayetafuta mahali penye mwanga. Kisha akasema, "Umenenepa," na wote wawili wakaanza kucheka, na sisi wengine tukaona ni heri tukaangalie mto.

Tulikaa pale siku mbili kamili, tukasali Idd, tukala samaki ambao Dar es Salaam ungewauliza bei na kuondoka. Kitindamimba wetu, mwenye miaka minne, ilipangwa tangu mwanzo abaki na bibi zake. Mtoto wa umri ule hana haja ya mlima.

Alfajiri ya Jumanne tukateremka kwenye kivuko. Wakazi wa Temeke na Kigamboni hawahitaji kufundishwa pantoni. Ule msukumano wa Feri asubuhi tunaujua. La Pangani ni la utulivu. Mto si mpana sana, mnapanda na baiskeli, mbuzi, magunia ya nazi na bodaboda, na kabla hujamaliza kusalimiana umeshuka upande wa pili. Kumbuka tu kwamba linavusha mchana. Ukichelewa jioni, utalala upande uliokukuta. Siku zile, daraja kubwa lenye urefu wa mita 525 lilikuwa linajengwa karibu na hapo, na abiria mwenzetu mmoja aliwaonyesha watoto nguzo zake zikiwa zimesimama majini.

Katikati ya mto nilifanya jambo ambalo nilikuwa nimeliandaa tangu Tandika. Nilimwita kijana wangu kwenye ukingo wa pantoni, nikamwambia ayatazame maji yale ya rangi ya chai ya maziwa. Nikamwambia: haya yanatoka kule tunakokwenda. Mto Pangani, msomaji, hupata maji yake kutoka Kilimanjaro na Meru. Vijito vya milima hiyo hukusanyika katika mito ya Ruvu na Kikuletwa, ikaingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto ukateremka kando ya Pare na Usambara, ukazungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, ndipo ukafika hapa kumwagika baharini. Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya maji hayo ni mvua inayonywewa na msitu wa mlimani na kuachiwa kidogo kidogo, wala si barafu iliyoyeyuka. Barafu ikiisha mto hautakauka kwa sababu hiyo, lakini msitu ukiisha ni habari nyingine. Kijana akauliza kama Bibi, alipokuwa mtoto akioga pale Bweni, alikuwa akioga maji ya Kilimanjaro. Nikamwambia ndiyo. Akakaa kimya mpaka tukashuka.

Pangani yenyewe inataka siku nzima, nasi tulikuwa na saa moja. Mji huu ndio uliokuwa mlango wa misafara ya kwenda Kilimanjaro, na katika vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani, vilivyoanzia hapa mwaka 1888, Hans Meyer alikamatwa pamoja na mwenzake Oscar Baumann, wakafungwa minyororo mpaka walipokombolewa kwa fedha. Mwaka uliofuata, Oktoba 1889, Meyer alirudi, akapanda Kibo pamoja na Ludwig Purtscheller; na Desemba hiyo hiyo Bushiri akanyongwa hapa Pangani. Vitabu vya kigeni hueleza kirefu habari ya kwanza na kwa kifupi habari ya pili. Binti yangu, aliye kidato cha kwanza, aliliona hilo mwenyewe.

Kutoka Pangani ni kilomita 45 hadi Muheza, halafu Segera, Korogwe na mikonge yake, Mombo ambako tulinunua maembe dodo ya mwisho na kabichi za Lushoto za kupeleka zawadi, kisha Same, Mwanga na Himo. Hatukununua chakula hotelini hata mara moja. Mama watoto alikuwa amekaanga samaki Bweni, ana mikate ya kumimina, ana chai katika chupa mbili. Tulikula chini ya mbuyu, gari likipoa.

Habari ya malazi ni ya heshima zaidi kuliko fedha. Mwenzangu wa chumba cha habari ni mzaliwa wa Marangu, na wazazi wake walitukaribisha. Usidhani kwamba kulala kwa watu ni bure. Tulipeleka sukari kilo tano, sabuni, mchele wa Kyela, kitenge alichokishona mama watoto, na ng'onda kutoka Pangani, ambazo bibi wa nyumba ile alizipokea kwa furaha kuliko vyote. Na kazi za nyumbani tulizifanya pamoja nao. Nilipopiga hesabu, zawadi zile zilikuwa kama theluthi ya gharama ya nyumba ya wageni kwa usiku nne, nasi tukapata na ndizi za kukaanga, na wazee wa kutueleza mambo.

Baridi ndiyo tuliyoihofia sana, maana mtoto wa Tandika hana sweta. Basi nenda mitumbani Ilala. Makoti mazito yaliyojazwa pamba hayana mnunuzi Dar es Salaam, na wauzaji huyatoa kwa bei ya shati. La kijana wangu lilikuwa jekundu, na kwenye zipu yake ilining'inia karatasi ngumu iliyofungwa kwa waya, yenye maandishi ya Kifaransa. Niliisoma kwa shida nikaona ni tiketi ya kupandia mlimani huko kwenye mbao za kutelezea. Koti lile lilikuwa limekwisha kuiona theluji mara nyingi kuliko ukoo wetu mzima. Alikataa katakata tiketi isitolewe.

Kuhusu mlima wenyewe, elewa hivi. Kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni kazi ya siku tano au sita kwa njia ya Marangu, inataka wapagazi, afya na fedha ambazo kibubu hakina. Lakini kuna safari ya siku moja: kutoka geti la Marangu, kwa miguu ndani ya msitu, hadi kituo cha Mandara kilichoko mita 2,720, na kurudi jioni. Raia wa Tanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo sana kulinganisha na mgeni. Chukua kitambulisho cha taifa, na kwa watoto vyeti vya kuzaliwa. Ni lazima kuongozwa na mwongoza watalii mwenye kibali, na ni afadhali mgawane na familia nyingine. Sisi tuliungana na walimu watatu kutoka Babati.

Tulianza saa 2 asubuhi ya Alhamisi. Msitu ulikuwa umelowa, mbega wakiruka juu ya vichwa vyetu, na mwendo ulikuwa wa polepole kwa amri. Saa 6 tulikuwa Mandara, na ukungu ulikuwa umetanda kama moshi wa tanuri la matofali. Hatukuona hata paa la kibanda cha jirani. Mwongozaji akatupeleka kwenye kasoko ya Maundi, mwendo wa robo saa, tukaketi ukingoni kungojea. Tukala mayai. Mama watoto akasema kwa sauti ya chini kwamba tumekuja kuona maziwa ya unga.

Saa 7 na dakika chache, upepo ukageuka. Haukutuonyesha mlima wote. Ulifungua dirisha tu upande wa juu, mbali kuliko mahali tulipokuwa tukitazama, na Kibo kikawa hapo, na weupe wake umeteremka mabegani. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, wataalamu wa London walimbishia kwa miaka. Nimewaelewa kidogo. Huwezi kuamini kitu kile kimekaa pale juu ya migomba. Kijana alisimama, akiwa amelishika koti lake jekundu kifuani. Dada yake alianza kuhesabu vipande vyeupe na kuuliza kipi ni barafu ya kudumu na kipi ni theluji ya juzi, na mwongozaji, ambaye alisema amepanda kwa miaka mingi, akamwonyesha kwa kidole mahali ambapo zamani palikuwa peupe na sasa ni jiwe. Baada ya dakika kama kumi dirisha likafungwa.

Jumamosi tulirudi Pangani. Gari tuliliacha chini ya mwembe, tukavuka kwa miguu kumchukua Mama na mdogo wetu. Kijana alikuwa na chupa ya maji aliyoyateka katika kijito cha Marangu, kijijini, akampa mama mkubwa mkononi na kumweleza yametoka wapi. Mama mkubwa akamimina kidogo kiganjani, akanawa uso, akasema yamepoteza baridi yake njiani. Akaiomba ile chupa ibaki.

Walipoagana hawakulia, wala sikuwauliza waliambiana nini usiku zile saba. Juu ya pantoni Mama alikaa akiuelekea upande wa Bweni mpaka tulipogota.

Hesabu ya mwisho, kwa wale wanaopenda hesabu: mafuta lita 134 kwenda na kurudi, pamoja na kujaza tangi la shemeji, matairi na matengenezo, zawadi, mlima, pantoni, chakula kidogo na pancha moja hapo Hedaru. Ilibaki shilingi 37,500. Mama watoto aliipeleka Chanika Jumatatu yake, akanunua bati moja na misumari, akaliegemeza ukutani ndani ya sebule yenye majani. Kibubu nacho kimerudi kwa fundi seremala kupigiliwa.